Je, wajua kwa nini dripu ya noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, haiachwi bila mtu wa kuitazama?

Maambukizi makali yakiingia kwenye damu, mishipa hulegea na presha huporomoka. Madaktari huanza na maji ya dripu. Yasipotosha huongeza noradrenalini, na shabaha huwa wastani wa presha usiopungua 65. Katika wastani huu namba ya chini huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo mgonjwa mwenye 90/50 ana kama 63, bado hajafika.

Dawa hii hufanya kazi kwa kukaza mishipa ya damu, na madhara yake mengi yanatoka hapo hapo. Ikivuja nje ya mshipa ikaingia kwenye nyama, hukaza vimishipa vyote vya sehemu ile; damu haipiti, na ngozi inaweza kufa. Ndiyo maana kwa kawaida hupitishwa kwenye mshipa mkubwa, kwa mfano wa shingoni. Lakini kumwacha mgonjwa na presha ya chini huku mshipa huo ukitafutwa ni hatari kubwa zaidi, hivyo miongozo ya kimataifa ya 2021 inakubali kuanzia mkononi, kwenye kiwiko au juu yake, kwa muda mfupi.

Muuguzi anayekagua kanula, yaani kimrija cha dripu kilicho mshipani, kila mara anatafuta ngozi iliyopauka, iliyopoa au kuvimba, na anamuuliza mgonjwa kama anasikia maumivu. Akiona hivyo, dawa huhamishiwa mshipa mwingine haraka. Kanula ya zamani haichomolewi papo hapo: kwanza dawa iliyobaki hunyonywa kwa bomba la sindano, kisha fentolamini, inayolegeza mishipa, huchomwa kuzunguka sehemu hiyo, mapema iwezekanavyo na ndani ya saa 12. Barafu haifai kabisa, maana baridi nayo hukaza mishipa.

Hata isipovuja, dozi kubwa inaweza kufanya vidole viwe vyeusi, presha ipande kupita kiasi, au moyo upige ovyo. Aliyepoteza damu nyingi arudishiwe damu. Kukaza mishipa mitupu hakumtoshi.

Tena dawa hii huisha mwilini kwa dakika chache tu. Pampu inayosukuma dawa ikisimama, presha inaweza kuanguka mara moja, ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo. Ndugu uliye kitandani kwa mgonjwa, pampu ikilia usiizime, mwite nesi. Na kama mgonjwa wako anatumia dawa za sonona, mwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi yake huifanya noradrenalini iwe kali mno.