Mwegea: dawa, pombe au sumu?

Mwegea ndio mti gani?

Ni ule wenye matunda ya kijivu yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama soseji buchani. Wengine huuita mvungunya, Wakikuyu muratina, Wajaluo yago. Kwa Wajaluo tunda hili lina kazi nzito: mtu akipotea majini na mwili usipatikane, yago huzikwa badala yake. Tunda moja laweza kufika sentimita 60 na kupita kilo 5, kwa hiyo msimu wake usilale chini ya mti huo wala usiegeshe gari hapo.

Tunda lake linaliwa?

Likiwa bichi, hapana. Nyani na tembo hulila, lakini wewe litakutoa malengelenge mdomoni na kukuharisha vibaya. Mtoto akilitafuna, msuuze mdomo, usimlazimishe kutapika, mkimbize hospitali na kipande cha tunda hilo mkononi ili mhudumu ajue anashughulika na nini.

Mbona Wakikuyu hulitia kwenye pombe?

Hulitia likiwa limekauka. Hupasuliwa, huanikwa juani, kisha huloweshwa kwenye maji ya asali au ya miwa. Nyuzinyuzi zake hubeba chachu, nayo ndiyo inayoumua pombe. Baadaye tunda huopolewa, likaanikwa tena na kuwekwa kwa upishi mwingine. Kinachonywewa mahari ikijadiliwa ni pombe, tunda halitafunwi. Na pombe ya wazee nayo ni pombe: mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini waiache.

Nasikia linaongeza uume. Ni kweli?

Hakuna ushahidi. Mimi naona imani hii imetokana na umbo la tunda tu, na wauzaji wanaishi kwa hilo. Utomvu wa tunda bichi unaweza kuunguza ngozi, na ngozi ya sehemu za siri ni laini mno. Kuna wanaochanjia kwa wembe, na hapo unaongeza hatari ya vidonda, pepopunda, hata VVU kama wembe umetumiwa na mwingine. Umejipaka na sasa panawasha au pamevimba? Osha kwa maji mengi, uende kituo cha afya, na useme ulichopaka. Wahudumu wamesikia makubwa kuliko hayo.

Na magonjwa ya ngozi?

Hapa pana jambo la maana zaidi. Kusini mwa Afrika, hasa bonde la Zambezi, unga wa tunda lililokaushwa hupakwa tangu zamani kwenye ukurutu na fangasi, na siku hizi dondoo lake limo kwenye krimu za dukani. Maabara zimeona dondoo hilo likizuia baadhi ya seli za saratani ya ngozi, ila seli kwenye kichupa si mgonjwa. Kidonda kisichopona kwa mwezi, au doa linalobadilika rangi na kukua, ni la daktari. Mwenye ualbino asitegemee mwegea kumkinga na jua: avae kofia pana na mikono mirefu, na aulizie krimu ya kukinga jua ya Kilisun, inayotengenezwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kwa ajili yao.