Je, wajua kwa nini bafa mbili (saketi za kuupa waya mkondo) zinazosaidiana huwekewa rezista (kipande kinachozuia mkondo) baina yao?

Fundi wa sauti anayetandaza waya ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, kutoka jukwaa la taarab hadi kwenye mixa, anatandaza pia kapasita asiyoiona. Waya wenye ngao una uzi wa shaba katikati, plastiki juu yake, kisha wavu wa shaba unaouzunguka. Nazo metali mbili zilizotenganishwa na kihami ndiyo kapasita yenyewe. Waya wa aina hii huwa na takriban pikofaradi 100 (faradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita) kwa kila mita, kwa hiyo mita 50 hufikia pikofaradi 5,000, yaani nanofaradi 5. Ikiwa sauti ile ile ya kanuni na fidla itagawiwa kwa nyaya 20 za urefu huo, kwa ajili ya spika za mbali na wanaorekodi, mzigo unakuwa nanofaradi 100.

Kapasita haidai mkondo volti zinapotulia, bali zinapobadilika, na kadiri zinavyobadilika haraka ndivyo inavyodai zaidi. Kwa mawimbi yenye kilele cha volti 10 na masafa ya kilohezi 20, waya mmoja unahitaji kama miliampea 6 tu, ambazo saketi ndogo ya kawaida inazimudu. Nyaya 20 zinahitaji miliampea 126 hivi. Hapo ndipo inapotakiwa bafa, yaani amplifaya isiyoongeza volti bali uwezo wa kutoa mkondo; na moja isipotosha, huwekwa mbili sambamba ili kila moja ibebe miliampea 63.

Sababu ya pili ya kuweka mbili ni joto, nami naona hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kapasita haili nishati: huipokea, kisha huirudisha, na bafa inayorudishiwa huigeuza joto ndani ya transista zake. Kwa umeme wa volti 15 chanya na 15 hasi, mzigo tuliotaja huacha takriban wati 1.2 ndani ya bafa pekee. Katika kisanduku kilichofungwa, wakati wa joto la kaskazi, kuzigawa wati hizo kwa bafa mbili ni jambo la lazima.

Lakini ncha za kutolea haziunganishwi hivi hivi. Chukua matangi mawili ya maji juu ya paa, moja limeinuka kidogo kuliko jengine, yakaungwa chini kwa bomba pana: kabla ya mtu kufungua mfereji, maji yanakwenda mbio kutoka tangi la juu hadi la chini. Matangi baadaye husawazika. Bafa hazisawaziki, kwa sababu kila moja inaendelea kushikilia volti yake, na hakuna mbili zinazotoka kiwandani zikiwa sawasawa kabisa. Tofauti ya milivolti 20, ikiwa ukinzani wa ndani ni nusu omu kwa kila bafa, hupitisha miliampea 20 kutoka moja hadi nyengine, usiku kucha, hata pasipo sauti. Ukiweka rezista ya omu 5 mbele ya kila moja, mkondo huo unashuka chini ya miliampea 2, huku kila rezista ikipoteza kama theluthi ya volti tu kwenye kilele. Rezista hizo pia huzitenga bafa na kapasita ya nyaya, ambayo huchelewesha mawimbi na inaweza kuifanya amplifaya itetemeke yenyewe. Wapo wanaodhani kwamba amplifaya inayotangulia bafa, yenye mrejesho (yaani inayorudishiwa volti ya mwisho ili ijisahihishe), itaiondoa tofauti ile. Mrejesho husahihisha volti ya pamoja, wala hauoni mkondo unaozunguka baina ya bafa.

Kuongeza bafa hakuongezi kasi ya kila moja. Mawimbi tuliyoyatolea mfano hupanda hadi volti 1.26 kwa mikrosekunde, na bafa iliyoundwa kwa kasi ndogo kuliko hiyo itayapotosha hata zikiwekwa kumi.