Dagaa wa kuku na dagaa wa watoto

Pale Mwaloni Kirumba, soko kubwa la samaki hapa Mwanza, huhitaji kuuliza dagaa wako wapi, pua itakuonyesha. Cha kuuliza ni dagaa gani. Kuna magunia ya dagaa wa kula na magunia ya dagaa wa kuku, na kwa macho ya mgeni wote ni walewale: wadogo, wakavu, rangi ya fedha iliyofifia. Chota kiganja kimoja kutoka gunia la kuku, uwapepete juu ya beseni. Mchanga unamwagika kama unavyomwagika kwenye viatu vya mtoto aliyetoka kucheza. Halafu angalia matumbo: yamepasuka, yana wekundu wa kutu, na ukiwasogeza puani wanakuwa na uchachu fulani. Wa kula ni wakavu kweli, wakivunjwa wanalia.

Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya uvuvi, na ninachofuatilia ni samaki akishatoka majini: anakaushwaje, anaharibikaje, anaishia kwa nani. Watu wakitaja haki ya mazingira, haki ya chakula na haki ya elimu, huwa wanaziona kama mada tatu za makongamano matatu, kila kongamano na chakula chake cha mchana. Huku mwambao zote tatu zinakutana kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na ziwa lenyewe, Ziwa Victoria. Sangara si mwenyeji hapa. Aliletwa miaka ya 1950, akakaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa na mamia ya spishi ambazo hazipatikani kwingine popote duniani, waliliwa wakaisha kwa wingi wa kutisha. Wakati huohuo maji yalikuwa yakibadilika: mbolea na udongo kutoka mashambani, majitaka kutoka mijini, yote yakishuka ziwani na kulisha mwani. Mwani ukifa na kuoza unakula oksijeni ya chini, na samaki wa kina kirefu wanakosa pa kuishi. Anayetaka kuliona hili bila kupanda mtumbwi asimame kwenye daraja lolote la Mto Mirongo katikati ya jiji baada ya mvua, aangalie kinachopita kuelekea ziwani.

Dagaa alistahimili yote hayo. Anazaana upesi, anakua upesi, anakula viumbe vidogo vinavyoelea karibu na uso wa maji. Furu walipopungua yeye akaongezeka, na leo ndiye anayebeba sehemu kubwa ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani. Lakini ukisikiliza hotuba za uvuvi, utasikia sangara, minofu, viwanda, fedha za kigeni na, siku hizi, mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara. Sangara ana viwanda, ana maabara, ana ndege ya kumpeleka Ulaya. Kwa miaka mingi wenyeji walibakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya minofu kuondoka. Sisemi viwanda vifungwe. Vimeajiri watu wengi na nawafahamu baadhi yao. Nasema tu kwamba samaki anayeweza kumfikia mtoto wa Kayenze au Ukerewe kila wiki ni dagaa, na huyo ndiye tuliyemwacha aanikwe chini kwenye mchanga.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, kwa sababu samaki hawaifuati taa. Alfajiri mitumbwi inarudi, na hapo kazi inabadilika mikono: wenye mitumbwi na nyavu wengi ni wanaume, wanaonunua kwa ndoo na kuanika wengi ni wanawake. Jua likiwa zuri, dagaa wanakauka kwa siku moja. Mvua ikija ghafla, na mwambao huu mvua ya ghafla si habari, mchanga unalowa chini na maji yanaingia juu, na katika saa chache wanaanza kuoza. Mama mmoja niliyemkuta akikusanya wake haraka, wingu likiwa limeshafunga upande wa visiwani, aliniambia bila hata kuinua kichwa: "Mwanangu, hawa walikuwa wa watu saa nne. Saa hii ni wa kuku."

Bei inashuka pale pale, na aliyekopa fedha ya ndoo bado anadaiwa ileile.

Dawa yake inajulikana. Chanja, yaani meza ya miti iliyotandazwa wavu juu, hupitisha hewa chini na juu. Dagaa hukauka upesi, hawashiki mchanga, na mvua ikija unafunika kwa turubai bila kuwakanyaga. Karibu kila mradi uliopita huku umefundisha chanja. Ila kuna jambo ambalo vipeperushi vya miradi havilisemi: dagaa wa chanja ni ghali zaidi. Akishakuwa msafi anavuka mpaka, anaenda Kongo, anaenda Rwanda, anaenda maduka makubwa ya Dar es Salaam akiwa kwenye pakiti. Wa mchangani ndiye anayebaki kwa bei ya maskini, akigombaniwa na wenye viwanda vya chakula cha mifugo. Kwa hiyo ukiboresha ukaushaji peke yake, umemsaidia mkaushaji na huenda umemnyang'anya jirani yake kitoweo. Sioni njia ya kuukwepa ukweli huu isipokuwa moja: apatikane mnunuzi wa hapahapa mwenye uhakika, anayetaka dagaa safi kwa wingi.

Mnunuzi huyo yupo. Ni shule.

Shule za msingi za serikali ziliacha kutoza ada mapema miaka ya 2000, na tangu sera ya elimu bila malipo ya 2016 madarasa yamefurika. Chakula kilibaki kwa wazazi. Wanakubaliana kwenye kikao kila mmoja alete debe la mahindi na maharage kiasi fulani, wengine wanaleta, wengine hawana. Matokeo yake shule nyingi zina uji mweupe, zikijitahidi zina makande. Maharage si chakula kibaya, lakini mahindi na maharage yana fitati, kemikali inayoyashika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe mwilini vizuri. Samaki kidogo ndani ya sufuria huusaidia mwili kuyafyonza. Na dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake, kwa hiyo analeta kalsiamu, na pia vitamini B12 ambayo maharage hayana kabisa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Hao ndio wanaoingia darasa la kwanza. Mwalimu anapewa mtoto aliyekwisha kucheleweshwa na sahani, halafu anapimwa yeye kwa matokeo ya mtihani.

Tupige hesabu ya kawaida. Shule yenye watoto 600, kila mmoja gramu 10 za dagaa wakavu kwa siku, hiyo ni kilo 6. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 1,164. Kwa ziwa hili hicho si kitu. Kwa kikundi cha kina mama wenye chanja chache, huyo ni mteja wa mwaka mzima.

Sasa maji. Dagaa wa mchangani lazima aoshwe mara tatu au nne, na hata hivyo bado unausikia mchanga kwenye meno. Shule isiyo na bomba hutuma watoto na ndoo ziwani. Ufukweni kwenye majani, maji yakiwa yametulia, ndiko wanakoishi konokono wanaobeba kichocho. Kichocho cha tumbo hakimwangushi mtoto siku moja. Humnyonya polepole, damu inapungua, anasinzia darasani, na sisi tunasema ni mvivu. Dawa hugawiwa mashuleni, jambo jema, lakini aliyehamia na wazazi wake kambi ya uvuvi nyingine, au mvulana aliyeacha shule kwenda kuanua dagaa kwa ujira wa siku, hukosa kirahisi. Ndiyo maana nikiulizwa chanja inahusiana nini na elimu, huwa naanzia kwenye ndoo. Dagaa asiye na mchanga ni safari chache za mtoto kwenda ziwani.

Vikwazo ni vya kawaida kabisa. Kamati ya shule haina fedha taslimu kila wiki, wakati mama wa dagaa hawezi kusubiri muhula uishe. Dagaa hawakai stoo moja na mahindi bila kuingiwa na wadudu. Wapishi wengine hulalamikia harufu, na wapo watoto wasiokula samaki, hao waachiwe maharage yao. Namna ninayoiona ni kununua kwa wingi kati ya Juni na Agosti, jua likiwa la uhakika, na kuweka kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko. Mtaji wa chanja na turubai unaweza kutoka kwenye mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo wanawake wana fungu lao humo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba afisa uvuvi ana ofisi yake, afisa lishe ana yake, afisa elimu ana yake, na kila mmoja anasubiri mwenzake aandike barua. Ningeulizwa nani aanze, ningemtaja afisa uvuvi. Kupitia BMU, vile vikundi vya wanajamii vya kusimamia uvuvi mwaloni, anawajua kina mama wanaoanika kwenye kila mwalo, anajua mvua ya mwezi uliopita ilimharibia nani, na gari lake huwa linaenda huko hata hivyo.