Kikundi cha kuacha pombe: njia ya kurudi nyumbani inapita wapi?

Mtu akiniuliza ni kikundi gani kizuri cha kuacha pombe hapa Nairobi, mimi humuuliza swali langu kwanza: jioni unashukia steji gani, na kutoka hapo hadi mlangoni kwako unapita baa ngapi?

Swali hilo nimelipata kwa kukosea. Nilipokuwa bado mgeni katika kazi hii ya ushauri nasaha, nilimtuma fundi mmoja wa umeme, mkazi wa Umoja, kwenye kikundi cha katikati ya jiji. Watu wake walikuwa wakarimu, chai haikukosekana, naye alikipenda. Shida ni kwamba kilimalizika saa mbili usiku. Mvua ikinyesha nauli inapanda, kwa hiyo alikuwa akingoja ishuke, na alikokuwa akijikinga mvua ni kwenye kibaraza cha baa. Wiki ya tatu akaingia ndani. Aliporudi kwangu alichukua risiti ya duka la nyaya, akaigeuza, akachora njia yake ya kutoka steji hadi nyumbani, kila baa akaitilia nukta. Tulihesabu nukta kumi na moja. Mimi nilikuwa nimempa anwani ya ukumbi tu.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, inaruhusu baa za kawaida kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi. (Zipo zisizongoja saa, hilo sote tunalijua.) Saa hiyo ndiyo watu wanatoka kazini, wamechoka, na kama ni mwisho wa mwezi wana pesa mfukoni. Kwa hiyo tafuta mkutano unaoangukia saa yako mbaya. Wa saa saba mchana hautamsaidia sana mtu ambaye kiu humshika saa kumi na mbili jioni. Tena usiwe mbali kiasi cha kukosa nauli tarehe ishirini na tano. Wapo wanaokataa kikundi cha mtaani kwao wakihofia kuonekana na mwenye nyumba. Siwalaumu, ingawa mara nyingi huwa nawaambia kwamba mwenye nyumba ameshawaona wakirudi usiku wa manane.

Kuvipata si kazi kubwa. Piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; haitozwi. Uliza pia kwa mshauri wa hospitali au ofisi ya parokia, kwa kuwa vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa hata kama si vya kanisa. Ukimpata mtu kwenye simu, muulize kama mkutano ni wa wazi au ni wa wenye tatizo pekee, na kama watu huzungumza Kiswahili. Usilipuuze hilo la lugha. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasema kwa Kiingereza cha ofisini.

Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous, yaani walevi wanaosaidiana kuacha bila kutajana majina kamili), vilivyoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935 kwa wakala wa hisa na daktari wa upasuaji waliokuwa wakinywa wote wawili, vina sharti moja tu la uanachama: uwe na nia ya kuacha kunywa. Sisi tumezoea chama, kwa hiyo watu hunijia na maswali ya chama. Kuingia ni ngapi? Nikikosa, faini? Hakuna. Kikapu kinapita, una shilingi ishirini unatia, huna unampa wa pembeni. Basi ukiambiwa utume M-Pesa ya usajili, au ukiuziwa unga wa kumtilia mume kwenye chai bila yeye kujua, umefika dukani.

Linalowashtua wageni ni neno lenyewe. Mtu anasimama, anataja jina lake la kwanza, anasema, "mimi ni mlevi." Kwetu hilo ni tusi. Kama linakukwama kooni, taja jina lako ukae. Hakuna atakayekudai lililobaki.

Ila kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka hadi upate kidogo, usiache ghafla ukakimbilia kikundi. Anza hospitali. Degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuweweseka kunakofuata siku ya pili hadi ya nne kunaweza kuua. Dawa za kukuvusha hapo zipo, na kikundi hakina sindano.

Wanaonipigia simu zaidi, lakini, si wanywaji. Ni akina mama. Juzi mmoja alitaka kikundi cha mwanawe, ambaye mwenyewe hajasema kwamba anataka kuacha. Nikamwambia kuna Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za wanywaji, aanze yeye.

"Mimi sinywi, daktari. Niende nikaseme nini?"

Mimi si daktari, lakini nimechoka kuwasahihisha. Nikamwambia asiseme kitu, mama, akae nyuma karibu na mlango, anywe chai yao.

"Na nikilia?"

Nikamwambia abebe leso mbili, kwa sababu wa pembeni yake naye ataihitaji.