Shir khurma ni nini, na kwa nini hupikwa asubuhi ya Idi

Waislamu wa India na Pakistan wanaozungumza Kiurdu wamezipa Idi mbili za mwaka majina ya mtaani. Idi ya kuchinja huitwa Bakra Eid, na kwa kuwa bakra ni beberu, watu huichukua kuwa Idi ya mbuzi. Wengine huiita Namkin Eid, Idi ya chumvi. Ile ya Mfunguo Mosi, inayofunga Ramadhani, ni Mithi Eid, yaani Idi tamu. Utamu huo una bakuli lake maalumu, na kilichomo bakulini ndicho shir khurma.

Ukimwonyesha mtu wa pwani yetu bakuli hilo, atasema haraka: tambi za maziwa. Hajakosea sana, kwani tambi zimo na ndizo zinazoonekana kwanza. Lakini jina halizitaji kabisa. Shir ni maziwa na khurma ni tende, yote mawili maneno ya Kiajemi. Kwa hiyo tafsiri ya moja kwa moja ni "maziwa na tende". Tambi ni mgeni aliyekaribishwa na akazoea nyumba. Zitoe tambi, na jina bado litasimama. Zitoe tende, na mpishi wa Hyderabad, kusini mwa India, atakwambia kuwa ulichopika ni sewai tu, yaani tambi, hata kama umetia lozi za kutosha harusi nzima.

Kiajemi kimeingiaje katika sufuria za Kihindi? Kwa karne nyingi ndicho kilichokuwa lugha ya serikali na ya wasomi chini ya masultani wa Delhi, kisha chini ya Wamughal waliotawala kuanzia 1526. Waingereza walikiondoa katika kazi za serikali miaka ya 1830, lakini jikoni hakuna aliyefika kukiondoa. Kwa Kiurdu cha kila siku maziwa ni dudh, na ukienda dukani kuomba shir utachekwa. Neno hilo limebaki kwenye majina ya vyakula: shir khurma, na shirmal, mkate mtamu kidogo unaokandwa kwa maziwa. Kuna na utani ndani yake, kwa sababu katika maandishi ya Kiurdu shir ya maziwa na sher ya simba huandikwa kwa herufi zilezile. Anayesoma ndiye anayeamua kama Idi hii anakunywa maziwa au anakula simba.

Na kir, wali wa maziwa unaojulikana India nzima kwa Waislamu na Wahindu, jina lake linatokana na neno la Kisanskriti kshira, ambalo nalo ni maziwa. Shir na kshira ni ndugu wa mbali. Njia mbili tofauti zilifika kwenye sufuria moja ya maziwa yanayochemka polepole.

Tende nazo hazikuwekwa kwa ladha peke yake. Katika hadithi aliyoipokea Anas bin Malik, iliyomo katika Bukhari, Mtume hakuwa akitoka kwenda kuswali Idi ya Fitri mpaka ale tende kadhaa. Siku hiyo kufunga ni haramu, na kula kabla ya swala ni njia ya kuonyesha kwamba mwezi umekwisha kweli. Ndiyo maana katika nyumba nyingi baba na wavulana hupewa bakuli dogo alfajiri, wakiwa tayari wamevaa kanzu mpya, kabla ya kwenda kwenye uwanja wa swala. Nyumba nyingine hungoja warudi. Wapo wanaokula tende tupu kwanza na kuliacha bakuli kuwa zawadi ya kurudi. Na zipo familia zinazoipika hata Bakra Eid, maana mgeni wa Idi hawezi kusubiri nyama iive ndipo apewe kitu.

Kazi kubwa hufanyika usiku wa kuandama mwezi, unaoitwa Chand Raat. Mwezi ukishatangazwa masoko hufurika. Wasichana hukaa wapakwe hina, mafundi cherehani humalizia nguo walizoahidi tangu juma lililopita, na jikoni kuna mtu ameinamia bakuli la lozi. Lozi hulowekwa mpaka ganda lake la kahawia livulike kwa vidole, kisha hukatwa vipande vyembamba kama njiti. Vivyo hivyo pistashio na korosho. Tende zinazopendwa na wapishi wa zamani si zile laini tunazofuturia, bali chuhara, tende kavu ngumu kama ubao. Hizi hulazwa ndani ya maji au maziwa usiku kucha, asubuhi hutolewa kokwa na kukatwa vijiti virefu. Kuna pia charoli, kokwa ndogo za mviringo kama dengu, zinazotokana na mti wa misitu ya India. Sijaona cha kushika nafasi yake vizuri. Ukiikosa, iache tu.

Asubuhi samli hupashwa moto kwa moto mdogo. Lozi, pistashio, korosho na tende hukaangwa kwanza na kutolewa, halafu tambi nyembamba mno, nyembamba kuliko tambi za kawaida za dukani, hukaangwa kwenye samli hiyohiyo mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Hapa ndipo wengi huharibu. Tambi hizi huungua kwa muda wa kuitikia mlango, na zikiungua uchungu wake hausitiriwi na sukari. Kando yake maziwa yanachemshwa taratibu mpaka yapungue na kuwa mazito kidogo, yakikorogwa yasishike chini. Kisha tambi huingia, sukari, iliki iliyotwangwa, na mwisho tende, lozi na wenzake. Mwenye uwezo hutia zafarani. Wengine huongeza tone la maji ya waridi. Mimi naona yanaizidi tende nguvu, ingawa najua kuna watu hawatanisamehe kwa kusema hivyo.

Kipimo ndicho kinachotenganisha shir khurma na mapishi mengine ya tambi. Kwa lita moja ya maziwa, gramu 50 hivi za tambi zinatosha. Zitaonekana haba, na mkono utataka kuongeza. Usiongeze. Tambi huendelea kunywa maziwa hata baada ya moto kuzimwa, na shir khurma inatakiwa imiminike kutoka kwenye upawa. Sehemu yake hunywewa, sehemu hutafunwa. Sukari nayo iwekwe ukikumbuka kuwa tende zina utamu wake.

Ukienda Lucknow, kaskazini mwa India, utakuta kinyume chake. Huko fahari ya Idi ni kimami sewai. Kiwam ni shira iliyopikwa ikawa nzito, na tambi hupikwa ndani yake pamoja na mawa, yaani maziwa yaliyokaushwa kwa moto mpaka yakawa kama donge. Nazi kavu, korosho na makhana, mbegu za aina ya yungiyungi zilizofurishwa kwa moto, hutiwa kwa wingi. Ni tamu nzito isiyomiminika hata kidogo, na vijiko vitatu vinatosha. Bangladesh husema shemai, na huko lachcha, tambi zilizosokotwa na kukaangwa zikawa kama kiota, humiminiwa maziwa ya moto na kuliwa papo hapo.

Si kila kitamu cha sikukuu za Kiislamu huko ni cha tambi. Firni ni mchele uliosagwa ukapikwa kwenye maziwa na kugandishwa ndani ya vibakuli vya udongo. Zarda ni wali mtamu wa manjano, na jina lake linatokana na zard, manjano kwa Kiajemi. Halua ya dengu au ya semolina ni ya usiku wa nusu Shaabani. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichofungwa na saa moja ya mwaka kama ilivyofungwa shir khurma.

Saa hiyo ni ya kupokea watu. Sufuria hupikwa kubwa kwa sababu mlango haufungwi. Wanakuja majirani, walimu wa watoto, wafanyakazi wenzako, na katika miji mingi ya India majirani Wahindu nao huingia kwa ajili ya bakuli hilo, wengine wakiwa wameliulizia tangu wiki iliyotangulia. Watoto hupita wakikusanya eidi, ambayo ni ileile tunayoiita mkono wa Idi. Kukataa bakuli ni vigumu. Kufika nyumba ya tano mtu hujifunza kusema "kidogo tu" kwa sauti ya kuaminika.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina tambi zake za Idi. Tambi za Mombasa na Unguja kwa kawaida ni kavu: hukaangwa, hupikwa kwa sukari, iliki na zabibu, na mara nyingi tui la nazi, kisha huliwa pamoja na vitu vya chumvi. Familia za Waislamu wenye asili ya Kachchh na Gujarat, magharibi mwa India, zilizokaa hapa vizazi kadhaa hupika ile ya maziwa, hivyo jirani aliyebahatika huonja zote mbili asubuhi moja na hana haja ya kuchagua.

Ikibaki, usishangae kuikuta jioni imekuwa nzito kama uji. Iongezee maziwa ya moto, koroga, onja sukari upya. Wengine huila ikiwa baridi kutoka kwenye friji siku ya pili, na hapo chuhara, zilizokuwa bado na ukaidi kidogo asubuhi ya Idi, huwa zimelainika kabisa.