Mala ni ya ugali, si ya uso

Swali la kupaka usoni mala, yaani maziwa yaliyochachushwa, limerudi tena, safari hii limevaa koti la kisayansi: "Kama mala ina asidi laktiki, ya nini ninunue kichupa cha seramu ya uso?" Kuna na toleo la Bonde la Ufa, la mursik, maziwa ya kibuyu ya Wakalenjin, ambapo mkaa wa mti wa senetwet unahesabiwa kuwa nyongeza ya bure ya kusafisha vinyweleo. Naandika jibu mara moja ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo tu.

Ni kweli jina na asidi yenyewe vilitoka kwenye maziwa. Mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Undugu wa mala na seramu unaishia karibu hapo. Asidi ya viwandani siku hizi hutokana na sukari ya mahindi, miwa au viazisukari iliyochachushwa na bakteria, na ng'ombe hana habari.

Tufanye hesabu. Mala nzuri ina asidi laktiki chini kidogo ya 1%, na pH yake (kipimo cha uasidi: ikishuka, ukali unapanda) iko karibu 4.4. Kwenye pH hiyo, sehemu kubwa ya asidi imeshageuka chumvi, yaani lakteti, na kinachobaki kikiwa asidi huru ni kama 22%. Piga hesabu: uso unapata robo ya asilimia moja, tena kwa shida. Ulaini unaouona ukishaosha umetokana na maji na mafuta ya maziwa, na ungeupata hata kwa maziwa mabichi. Harufu, hiyo ni ziada yako. Na kama una chunusi zilizopasuka, umezipaka mchanganyiko wa vijidudu hai na masizi. Hongera.

Lakini nisiwaonee watu wa mala peke yao. Kosa lile lile linafanywa na watu wa chupa, na hili ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu chupa zina lebo. Mtu anashika moja iliyoandikwa 10% na nyingine 5%, anachukua ya 10% kwa kuwa "ni kali". Huwezi kujua! Asilimia bila pH ni kama kuuliza umbali wa Kisumu bila kusema unatokea wapi.

Asidi laktiki ina pKa ya 3.86. Maana yake, pH ikiwa 3.86, nusu ni asidi huru na nusu ni lakteti. Inayolegeza gundi kati ya seli mfu za juu ili zipukutike ni ile iliyo huru. Kwenye pH 3.5 unayo kama 70% ikiwa huru. Kwenye 4, kama 42%. Kwenye 4.5, 19%. Kwenye 5 umebaki na 7% hivi. Kwa hiyo ile chupa ya 10% yenye pH 5 ina asidi huru isiyofika 0.7%, na ile "dhaifu" ya 5% yenye pH 3.5 ina kama 3.5%. Dhaifu imeizidi kali mara tano. Lebo isipotaja pH, waulize wenyewe kampuni. Wakikujibu kwa picha ya ua na neno "asilia", umeshajibiwa.

Hapo tena kuna watakaokimbilia upande wa pili na kusema pH 5 haina faida. Si hivyo. Lakteti inashika maji, na ngozi yako inajitengenezea: iko ndani ya ule mchanganyiko wa asili unaolifanya tabaka la juu lisikauke, pamoja na urea na asidi amino. Ndiyo maana losheni ya amonia lakteti ya 12%, ambayo pH yake huwa kati ya 4.5 na 5.5, ni dawa nzuri kuliko seramu yoyote ya mtandaoni kwa visigino vikavu, miguu yenye magamba na vile vipele vya ngozi ya kuku kwenye mikono ya juu. Inalainisha huku ikipukutisha polepole. Ipakwe asubuhi na jioni, ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, na usihukumu kabla ya wiki nne. Kisigino kikiwa kimepasuka hadi damu, usiguse. Ponya ufa kwanza kwa mafuta mazito ya mgando na soksi. (Na kabla mtu wa mala hajarukia hapo: 12% na chini ya 1% si kitu kimoja.)

Sasa neno lenyewe. Kwa Kiswahili "kuchubua" tumelitwisha mizigo miwili: kuondoa ngozi mfu, na kujipaka krimu za kubadilisha rangi. Kwa hiyo ukimwambia mama yako unatumia asidi ya kuchubua, ana haki ya kushtuka. Mimi natumia "kupukutisha", kama majani. Asidi laktiki haikufanyi mweupe. Doa lililoachwa na chunusi linafifia kwa sababu seli zenye rangi nyingi zinaondoka mapema, na ngozi inarudi kwenye rangi yako, haipiti hapo. Kuna majaribio ya maabara yaliyoonyesha kwamba inapunguza kazi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, lakini seli kwenye kisahani na shavu la mtu anayeshinda juu ya boda boda ni mambo mawili, na mimi nisingeuza kichupa kwa hoja hiyo. Krimu iliyokung'arisha kwa siku tano huku ikijiita ya asidi laktiki ina kitu kingine ndani, na mashaka yangu ya kwanza ni zebaki au haidrokwinoni, ambazo kwenye vipodozi nchini Kenya ni marufuku. Itupe.

Matumizi ya usoni ni mepesi kuliko watu wanavyotaka yawe. Anza na 5%, pH kati ya 3.5 na 4, usiku mmoja kila siku tatu au nne. Osha kwa sabuni laini. Sabuni ya kipande ya kufulia ina pH ya 9 au 10 na inaiacha ngozi imeshachokozwa kabla asidi haijafika. Kausha uso kabisa, maana ngozi yenye maji inapitisha asidi haraka na bila usawa. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Kwepa kope, pembe za pua na midomo. Dakika chache baadaye, losheni. Ile sheria ya kungoja dakika ishirini haina mashiko. Usipake siku uliyonyoa ndevu, uliyotoa nyusi kwa uzi au nta, wala usiku mmoja na retinoli (vitamini A ya kupaka). Jaribu kwanza nyuma ya taya kwa siku mbili. Doa la chunusi kwenye ngozi yetu huchukua miezi miwili au mitatu kufifia, kwa hiyo ukibadilisha chupa kila wiki mbili unajichosha bure.

Kuchoma kidogo kwa dakika moja au mbili ni kawaida. "Inachoma, kwa hiyo inafanya kazi" ni uongo hatari, hasa kwetu: ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi kuliko lile ulilokuwa ukilifukuza. Chupa za mtandaoni za 50% au 70% zinazoitwa za nyumbani ndizo zinazoleta kilio hicho. Jopo la wataalamu wa viambato vya vipodozi Marekani liliweka mipaka yake mwaka 1998: bidhaa za nyumbani hadi 10% na pH isiyo chini ya 3.5; za saluni hadi 30%, pH isiyo chini ya 3.0, zipakwe kwa muda mfupi na kuoshwa. Anayetaka zaidi ya hapo aende kwa daktari wa ngozi.

Jua. Asidi laktiki na ndugu zake, kama glikoliki, huongeza wepesi wa ngozi kuungua, na hali hiyo hudumu kama wiki moja baada ya kuacha. Wakazi wa Nakuru hunijibu kwamba kwao ni baridi. Baridi si kivuli! Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa kama 10% kila unapopanda mita 1,000. Mtu wa Kisumu, mita 700 chini yako, anatoka jasho na anakumbuka jua. Wewe umevaa sweta na unaungua kimya kimya. Krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi, mistari miwili ya vidole kwa uso na shingo, kila asubuhi. Usipoweza hilo, acha asidi.

Kwa mnaotengeneza na kuuza, mambo machache, maana nimeona mapishi ya kutisha. Kwa gramu 100 za seramu ya 5%, ukitumia asidi ya 80% unahitaji gramu 6.25, si 5. Ukitumia ya 88%, gramu 5.7. Glisirini gramu 5, haidroksi-ethili selulosi (unga wa kufanya jeli) gramu 1, fenoksiethanoli (kihifadhi) isiyozidi gramu 1. Koroga selulosi ndani ya glisirini kwanza, ndipo umimine kwenye maji, la sivyo utapata mabonge. Msitumie kabomeri, unga mwingine wa jeli, kwenye pH hii jeli inageuka maji. Kufikia pH 3.8 utahitaji takriban gramu 10 za myeyusho wa 10% wa kostiki soda, na gramu mbili za mwisho ziingie tone kwa tone. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki. Maji yaliyobaki hadi gramu 100 yawe yaliyotoneshwa. Ya visima vya Nakuru yana bikaboneti ambayo itakula asidi yako. Ukinunua ya kituo cha mafuta soma chupa mara mbili, kwa sababu maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja.

Kipimo cha pH kirekebishwe kwa bufa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 4 na 7 kila siku ya kazi. Karatasi za rangi hazitofautishi 3.5 na 4, na tofauti hiyo ndiyo bidhaa yenyewe. Kisha pima tena kesho yake, na tena baada ya wiki. Asidi nzito ya 80% au 88% ina molekuli zilizoshikana mbili mbili. Ukiizimua zinaachana polepole, na pH inashuka bila wewe kugusa kitu. Wengi hufunga chupa siku ile ile halafu wanashangaa wateja wakilalamika mwezi wa pili.

Nabaki na mashaka mawili. Kila kitabu kinasema asidi laktiki ni pole kuliko glikoliki kwa sababu molekuli yake ni kubwa: 90 dhidi ya 76. Tofauti hiyo ni ndogo mno kubeba maelezo yote, na nashuku upole mwingi unatokana na jinsi inavyoshika maji, pamoja na pH ambazo kila kampuni huchagua. La pili ni mikunjo. Jaribio lililochapishwa 1996 lilikuta 12% inafanya ngozi iwe imara na nene hadi tabaka la ndani, na 5% inaishia tabaka la juu. Seramu nyingi zinazotangazwa kwa mikunjo ni za 5%.