Kuweka --kiosk si kuifunga kompyuta

Nimeambiwa tena: "Kompyuta ya wateja iko salama, nimeiwekea Chrome kwa --kiosk." Hilo ni chaguo la kuifungua Chrome ijaze skrini nzima. Haya, bonyeza Alt+F4, ya kufunga programu. Desktopu hiyo hapo, na mara nyingi akaunti yenyewe ni ya admin.

Kinachofanywa na --kiosk ni kuficha upau wa anwani na kukunyima F11. Haikuahidi zaidi ya hapo. Ctrl+P bado inafungua uchapishaji. Chagua kuhifadhi kama PDF, litakuja dirisha la faili, na kwenye mstari wa anwani wa dirisha hilo andika cmd, kisha Enter: umefungua dirisha la kuiamuru Windows. Huo si udukuzi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anafika hapo kabla ya chai ya saa nne.

Mwenye mashine akishtuka, anakimbilia AutoHotkey, programu ya kuandika skripti za kibodi, na kuanza kuziba kitufe kimoja kimoja. Hapa ndipo ninapochoka. Skripti ya namna hiyo haiwezi kuizuia Ctrl+Alt+Del, na haiwezi kwa makusudi: Windows huipokea yenyewe ili programu yoyote isije ikaigiza skrini ya kuingilia na kuiba nywila. Win+L nayo haizuiliki kwa njia hiyo. Tena mashine ikielemewa na skripti ikachelewa kujibu, Windows huacha kuipelekea vitufe, kimya kimya, huku ikoni yake bado inang'aa pale chini kana kwamba iko kazini. Na orodha ya kuziba haina mwisho. Jaribu Win+Ctrl+Alt+Shift+L: inafungua LinkedIn. Sitanii.

Acha kuhangaika na kitufe, funga kile ambacho kitufe kinakwenda kukifungua. Akaunti iwe ya kawaida, hilo halina mjadala. Kisha ondoa Explorer, programu inayoleta desktopu na upau wa chini. Mikato mingi ya kitufe cha Windows, kama Win+E na Win+R, ni mali ya Explorer. Isipokuwepo, hakuna wa kuipokea. Kwenye Group Policy, kihariri cha sera za Windows (Pro na kuendelea, Home haina), nenda User Configuration, Administrative Templates, System, Custom User Interface, uandike njia ya skripti inayofungua kivinjari na kukirudisha kila kinapofungwa. Alt+F4 sasa inakuwa kitufe cha kuanza upya tu. Tahadhari tatu ambazo watu huziruka. Sera hiyo iwekee mtumiaji wa kioski peke yake, kupitia mmc (dirisha la Windows la zana za usimamizi), la sivyo na admin atakutana na kivinjari tu. Skripti isiwe batch (faili la amri za cmd) yenye dirisha linaloonekana, maana mtu atalifikia kwa Alt+Tab na kuikatisha kwa Ctrl+C. Na zima BackgroundModeEnabled, sera ya Chrome ya kuendelea kufanya kazi chinichini. Bila hivyo kivinjari kinaweza kubaki hai bila dirisha, skripti ikasubiri milele, mteja akatazama weusi.

Ctrl+Alt+Del itaendelea kuleta skrini yake. Iache ije ikiwa tupu: kuna sera nne chini ya Ctrl+Alt+Del Options, ziwashe zote, na kando ya hizo uwashe ile ya kuondoa amri za kuzima na kuwasha upya, kwa sababu Shift ukiishikilia huku unabofya Restart unaingia kwenye mazingira ya ukarabati. Ukiwa na Enterprise, Education au IoT Enterprise, kuna Keyboard Filter, kichujio cha vitufe cha Windows yenyewe, kinachoizuia hata Ctrl+Alt+Del. Ila kumbuka kwamba kitufe cha Windows cha kushoto, kikibonyezwa mara 5, kinamrudisha mtu kwenye skrini ya kuingilia. Mpangilio huo unabadilishika, ubadilishe.

Kwa Chrome, weka sera hizi: PrintingEnabled 0 (kuchapisha), DeveloperToolsAvailability 2 (zana za wasanidi), URLBlocklist ya * (zuia tovuti zote) na anwani zako kwenye URLAllowlist, AllowFileSelectionDialogs 0. Hii ya mwisho inanisumbua. Inaua lile dirisha la faili, lakini inaua pia kupakia cheti kwenye fomu ya maombi ya kazi, na nusu ya wateja wamekuja kwa ajili hiyo. Sina jibu safi. Mahali pa kupakia faili, ninaiacha wazi na kubana cmd na programu nyingine kwa sera.

Shift mara 5 huleta ujumbe wa Sticky Keys (msaada wa kubonyeza vitufe vya pamoja kimoja baada ya kingine), wenye kiungo cha kwenda Settings. Wengi huizima kwenye sajili ya Windows (StickyKeys, Flags 506). Mimi nasita, kwa sababu anayetumia mkono mmoja anaihitaji. Naifunga Settings kwa sera na kuuacha ujumbe ujitokeze, ingawa unamchanganya mteja anayefuata, na sijaridhika na mizani hiyo.

BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows kuanza, iwe na nywila na isiwashe kutoka USB. Umeme ukikatika mara kadhaa Windows inapoanza, itajipeleka yenyewe kwenye ukarabati: uzime kwa amri ya reagentc /disable. Na kibodi nunua ya bei rahisi, isiyo na vitufe vya barua pepe na kikokotoo.